Uzoefu wangu na Microsoft Word: dawa ya mistari inayokatika ovyo

Nachapa kazi za watu kwenye steshenari huku Kirumba, Mwanza. Wengi huisifia Word kwa majedwali na mapambo. Mimi naisifia kwa kisanduku kimoja tu, kile cha "Find and Replace" (tafuta na ubadilishe) kinachofunguka ukibonyeza Ctrl+H.

Wateja huleta maandishi yaliyotoka WhatsApp au yaliyonakiliwa kwenye PDF: muhtasari wa kikao cha wavuvi, katiba ya kikundi, barua ya maombi. Ukiyabandika, kila mstari unakatikia katikati ya karatasi. Usiguse kitu kwanza. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama zilizojificha. Hii ¶ ni mwisho wa aya. Kimshale kilichopinda ni mstari uliokatwa kwa Shift+Enter. Ya kwanza hutafutwa kwa ^p, ya pili kwa ^l.

Kama aya zimetenganishwa kwa mstari mtupu, badilisha ^p^p iwe ###, halafu ^p iwe nafasi moja, mwisho ### uirudishe iwe ^p. Muhtasari mrefu unanyooka mteja akiwa bado anakunywa soda yake. Hakikisha tu "Use wildcards" haina tiki, la sivyo ^p itakataliwa.

Kwenye hesabu, inaudhi sana "Sh." ikibaki mwisho wa mstari na 450,000 ikaangukia wa chini, au S.L.P. ikiachana na namba yake. Ctrl+Shift+Space huweka nafasi isiyokatika, vikahama pamoja. Kwenye Ctrl+H nafasi hiyo huandikwa ^s. Kwa 2024-25, tumia Ctrl+Shift na kistari.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni mashairi ya mzee mmoja wa Ukerewe. Hapo ile dawa ya ^p ni sumu, maana mshororo wa mizani 16 lazima uishie pale mshairi alipouishia. Nilimaliza kila mshororo kwa Shift+Enter, ubeti mzima ukawa aya moja, kisha nikaweka tiki kwenye "Keep lines together" ili ubeti usigawanyike kurasa mbili.

Kilichosumbua ni ritifaa, yaani alama hii ’ inayoonyesha silabi iliyoachwa. Mzee ameandika ’mekuja badala ya nimekuja ili mizani itimie, lakini Word inaandika ‘mekuja, alama imegeukia upande usio wake. Yeye aliliona hilo kwa jicho la kwanza, na alikuwa na haki ya kulikataa. Bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha ritifaa, kisha ritifaa yenyewe, inakaa sawasawa. Ng’ombe na ng’ambo hazina shida hiyo, kwa kuwa alama iko katikati ya neno.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu alama hizi za ^p, ^l na ^s zimefichwa ndani ya "More", kisha "Special", na wachapaji wengi ninaowafahamu bado wanafuta mstari mmoja mmoja kwa Backspace.