TAHADHARI: Machipukizi ya shambani yanauzwa kama miche ya migomba ya tishu

Wakulima wenzangu, yupo muuzaji anayezungusha picha za mikungu mikubwa kwenye makundi ya simu. Anadai ana miche ya tishu, ya ndizi za kula na za kupika, na kwamba "imepigwa kinga" haipati ugonjwa wowote. Nimeagiza kwake, nimeipokea, nimeikagua. Siyo miche ya tishu. Ni machipukizi yaliyong'olewa kwenye shamba la migomba, yakapunguzwa majani, yakatiwa kwenye viriba na kufukiwa udongo mpya. Naandika sasa kwa sababu msimu wa kupanda ndio anapouza zaidi.

Mche wa tishu huanzia maabara, ndani ya chupa, kutoka kwenye kipande kidogo cha kiini cha mgomba. Kwa hiyo hauna kovu la kutenganishwa na mama. Tunguu lake, yaani shina nene linalokaa ardhini, ni dogo, mizizi yake ni myembamba na imeshikana na udongo wa kiriba, na miche ya kundi moja hulingana kimo. Hii niliyoletewa haikulingana hata miwili. Nilipochana kiriba, udongo ulimwagika wote mara moja, hakuna mzizi uliokuwa umeushika. Likabaki tunguu nene lenye kovu pana upande mmoja, pale panga lilipopita, pamoja na visiki vya mizizi iliyokatwa, vingine vyeusi. Nikalipasua. Ndani mlikuwa na vijitundu vya kahawia vilivyopinda huku na huku, na mwisho wa kimojawapo funza mweupe, mnene, asiye na miguu, mwenye kichwa cha kahawia. Huyo ni mtoto wa fukusi wa migomba. Hulila tunguu kutokea ndani, mgomba ukaanguka kwa upepo mdogo tu ukiwa na mkungu wake juu.

Fukusi na minyoo ya mizizi angalau wana njia. Unamenya tunguu kwa kisu mpaka libaki jeupe, kisha unalitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, au kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20 kama una kipimajoto. Kinachonitisha mimi ni yale yasiyoonekana kwa macho.

Ugonjwa wa Panama, yaani mnyauko fuzari, unaletwa na kuvu inayoingilia mizizini na kuziba mirija ya maji. Majani ya chini huwa njano, huvunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Lakini chipukizi la mgomba mgonjwa linaweza kuonekana zima kabisa siku unapolinunua, na hata ukilipasua usione kitu. Ukilipanda umeshaingiza kuvu shambani, na itakaa kwenye udongo huo kwa miongo ya miaka, hata ukiacha kulima migomba. Hakuna dawa ya kuuondoa. Gros Michel ndiyo iliyokuwa ndizi kuu ya biashara duniani. Kufikia miaka ya 1960 ugonjwa huu ulikuwa umeiondoa sokoni, nafasi yake ikachukuliwa na Cavendish kwa sababu ilihimili. Leo aina nyingine ya kuvu hiyo, iitwayo TR4, inaiua na Cavendish pia. Ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, Kolombia 2019 na Peru 2021. Miche michafu na udongo unaoandamana nayo ni kati ya njia zake kubwa za kusafiri. Ndiyo maana nasema hela uliyompa huyu mtu ndiyo hasara ndogo.

Na hilo la "kinga" ni uongo mtupu. Hata mche halisi wa tishu hauna kinga. Unakuwa safi siku unapoupanda, basi. Ukiuweka kwenye udongo wenye ugonjwa unaugua sawa na mingine, tena ukiwa mchanga ni laini zaidi. Maabara huacha nyuma fukusi, minyoo na kuvu, lakini virusi hupita kama mgomba mama haukupimwa. Muuzaji wa kweli atakuambia mama ulitoka wapi na ulipimwa nini, na atakuonyesha cheti cha mamlaka ya mbegu au ya afya ya mimea. Nilipomuuliza huyu, jibu lake lilikuwa "wewe panda tu, utaona." Nilipomtumia picha ya yule funza, akanizuia nisimpate tena.

Anauza pia chupa ya dawa ya kutibu mnyauko wa bakteria, ule unaofanya ndizi ziive kabla ya wakati, nyama yake iwe na kahawia, na shina likikatwa litoe majimaji mazito ya njano. Jamani, hakuna dawa ya kunyunyizia wala ya kudunga inayouponya. Kinachosaidia hakihitaji chupa yake: kata shina gonjwa usawa wa ardhi, pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokea, ili wadudu wasilete ugonjwa kupitia hapo. Vivyo hivyo migomba iliyodumaa, majani membamba yamesimama wima na kubanana kileleni. Hayo ni virusi vinavyoenezwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Haitibiki, wahi kuua vidukari, kisha ng'oa shina pamoja na machipukizi yake yote.

(Ukikutana na wanaouza mbegu za "ndizi za bluu", wapite. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda, na ile iitwayo Blue Java huwa na ganda la kijani lenye weupe wa kibuluu ikiwa mbichi, ikiiva inakuwa njano.)

Kama miche ya tishu ya uhakika haipatikani, chipukizi zuri bado linafaa. Chukua lenye majani membamba kama panga, siyo lile la majani mapana, na litoke kwenye shamba ulilolitembelea mwenyewe ukaona mama zake zinazaa na hazina majani yanayoning'inia. Katika mzigo wangu mengi yalikuwa ya majani mapana, ambayo hata yangekuwa mazima yangechelewa na kutoa mkungu dhaifu.

Mliokwisha kununua na hamjapanda, msiyatupe mtoni wala kwenye shimo la mboji. Yafungeni kwenye mifuko na udongo wake, mumwite afisa kilimo ayaone, na msafishe jembe na viatu mlivyotumia. Mliokwisha kupanda, msitoe chipukizi hata moja kumpa jirani, na jembe la eneo hilo libaki hapo hapo. Majani ya chini yakianza kuwa njano, msing'oe wala kuburuta shina shambani kabla afisa hajachukua sampuli.