Karakana ya besi pleti Nyakato: kuchomelea wako vizuri, kwenye zege wasimamie

Hii ni kwa wanaojenga godauni au fremu yoyote ya chuma hapa Mwanza. Karakana iko Nyakato upande wa viwandani, jina siweki maana kuna sehemu nitawasema.

Kuchomelea nawapa alama zote. Injinia wetu alichora kila besi pleti, lile bamba la chuma linalokaa chini ya nguzo, iwe na kipande cha pleti nene kimechomelewa chini yake, kinashuka kwenye shimo lililoachwa kwenye zege halafu shimo linajazwa grauti, yaani mchanganyiko wa saruji unaomiminika. Fundi mkuu akacheka, eti hicho cha nini bosi, bolti nne za M24 (unene milimita 24) zinashika hata MV Victoria. Lakini alikitengeneza kama mchoro ulivyosema, weldi imejaa pande zote, hakuna vitundu.

Sasa kwanini kipande hicho? Tetemeko linasukuma jengo pembeni, huku na huku, na wakati huo huo nguzo moja inakandamizwa nyingine inanyanyuliwa. Eurocode, kanuni za ujenzi za Ulaya, inaruhusu uhesabu msuguano wa pleti na grauti kama 0.2 ya mzigo unaokandamiza, kwahiyo nguzo ikinyanyuka huna kitu. Zinabaki bolti, na bolti nazo matundu yake kwenye pleti huwa makubwa kusudi nguzo iingie kirahisi, M24 kukuta tundu la milimita 30 ni kawaida tu, basi pleti inateleza kwanza mpaka bolti moja au mbili ziguse ukingo na hizo ndio zinabeba mzigo wa zote nne, tena zinapinda ndani ya grauti. Kile kipande cha chini kinasukuma zege moja kwa moja, bolti zinabaki na kazi ya kuvuta.

Na hapa karakana walinifurahisha, walikata washa nene za mraba zenye tundu linaloibana bolti, wakaja kuzichomelea juu ya pleti baada ya nguzo kunyooshwa, ili pleti isiteleze kwenye yale matundu makubwa. Wengi hawafanyi hivyo, wanaweka washa ya dukani wanakaza nati wanaondoka.

Tatizo ni kikosi chao cha kufunga bolti saiti. Aisee. Kwanza walikuja na vipande vya nondo vilivyokatwa uzi, wakarudishwa. Halafu bolti moja ilihama wakataka kuipasha moto na gesi inyooke, bolti ya 8.8, daraja la chuma chenye nguvu! Ile chuma nguvu yake imetokana na kupikwa kiwandani, ukiichoma tena umeiharibu. Na ringi (nondo iliyokunjwa kuzunguka zile za wima) kwenye kichwa cha nguzo ya zege ya kwanza inayobeba ile ya chuma walikuwa wameifunga chini kabisa, juu patupu, wakati pale juu ndipo bolti inaposukuma zege kuelekea ukingoni na likipasuka linabanduka kipande kizima. Kanuni za zege za Wamarekani, ACI 318, zinataka ringi mbili za nondo kama ya 12 au tatu za 10 ndani ya milimita 125 za juu. Injinia aligoma zege lisimwagwe mpaka waongeze, wakaongeza kwa kununa.

Wapo wanaosema Mwanza ni mawe haina shida. Tarehe 10 Septemba 2016 lilipopiga Kagera, ukubwa 5.9, hata huku lilisikika, na sio kila kiwanja kiko juu ya jiwe, ukishuka ziwani kuna vifusi na udongo laini unaotikisika zaidi ya mwamba.

Bei yao iko juu kuliko mafundi wa mtaani, ila pleti zinatoka zimenyooka na vipimo ni vya mchoro. Wapelekee mchoro wa milimita, sio maelezo ya mdomo, na templeti ya bolti, yaani bamba la kupangia bolti kabla ya kumwaga zege, waagize waikate pamoja na pleti ili matundu yalingane. Pleti nitawapa tena, kufunga bolti natafuta watu wengine.