Microsoft Defender: Kinga Iliyomo Tayari Ndani ya Windows Inatosha kwa Kiasi Gani?

Anayewasha kompyuta mpya yenye Windows mara nyingi hupokewa na kingavirusi ya majaribio inayomhimiza alipie kabla muda haujaisha, ilhali ndani ya mashine hiyo hiyo kuna kinga nyingine, isiyolipiwa, iliyojiweka kando ili kumpisha mgeni. Kinga hiyo ni Microsoft Defender, na ndiyo ninayoihakiki hapa kwa maswali mawili: je, inamlinda mtumiaji wa kawaida, na je, inaiachia kompyuta nguvu ya kutosha kufanya kazi zake? Jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili, ingawa ulinzi wake haukamiliki mpaka mwenye kompyuta awashe swichi ambayo, kwa maoni yangu, Microsoft ingepaswa kuiwasha yenyewe.

Sifa mbaya inayoiandama Defender ina chimbuko la kweli. Ilitokana na programu ya kampuni ya GIANT, ambayo Microsoft iliinunua mwishoni mwa mwaka 2004, na ilipotoka mwaka 2006 kwa jina la Windows Defender ilishughulika na programu za upelelezi tu. Ni katika Windows 8, mwaka 2012, ndipo ilipokuwa kingavirusi kamili. Kwa hiyo waliosema zamani kwamba ni lazima kuongeza kinga nyingine walisema kweli, ila ushauri huo umeendelea kurudiwa baada ya sababu yake kwisha. Maabara ya AV-TEST ya Ujerumani, ambayo hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa urahisi wa matumizi, imekuwa ikiipa Defender alama kamili au zinazokaribia kamili katika majaribio mengi ya miaka ya karibuni.

Njia rahisi ya kuhakikisha kwamba kinga iko macho ni faili la EICAR, yaani mstari wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao watengenezaji wa kingavirusi wamekubaliana kuutambua kana kwamba ni kirusi. Nilipouandika katika Notepad na kuuhifadhi kwenye eneokazi, arifa ilijitokeza pembeni mwa kioo, faili likaondolewa, na katika historia ya ulinzi likaandikwa jina Virus:DOS/EICAR_Test_File pamoja na mahali lilipokuwa. Jaribio hili halipimi uhodari wa kinga bali linathibitisha tu kwamba haijalala, na hilo si dogo, kwa sababu baadhi ya programu hasidi huanza kazi kwa kujaribu kuizima. Ndiyo maana ulinzi dhidi ya kuchezewa kwa mipangilio, uliomo katika ukurasa wa usalama wa Windows, haufai kuzimwa hata kwa muda.

Uhodari wenyewe unategemea sana intaneti. Faili lisilojulikana linapotokea, Defender huuliza seva za Microsoft kabla ya kuamua, na jibu hilo ndilo linaloipa makali dhidi ya vitisho vipya. Kompyuta inayokaa bila mtandao kwa muda mrefu na kupokea faili kwa flashi inabaki na orodha ya vitisho iliyopakuliwa mara ya mwisho. Mtumiaji wa namna hiyo anapaswa kusasisha orodha kila anapopata mtandao, kisha kubofya flashi kwa kitufe cha kulia na kuikagua kabla ya kufungua chochote kilichomo.

Swichi niliyoitaja mwanzoni, iitwayo Controlled folder access, ni ile inayozuia programu zisizoaminika kuandika ndani ya folda muhimu kama vile za nyaraka na picha. Iliingizwa katika Windows 10 mwaka 2017, mwaka ule ule ambao programu hasidi ya WannaCry ilifunga faili katika kompyuta zaidi ya laki mbili duniani na kudai kikomboleo, huku sasisho la kuziba tundu ililopitia likiwa limetolewa na Microsoft miezi miwili kabla. Swichi hii huja ikiwa imezimwa, na ukiiwasha utaelewa kwa nini: mchezo unashindwa kuhifadhi hatua uliyofikia, programu ya kuhariri picha inalalamika kwamba folda haipo, na kila mara inakubidi uingie katika orodha ya programu zilizozuiwa na kuiruhusu moja moja. Siku za mwanzo zinachosha kweli. Baada ya programu unazozitumia kila siku kuruhusiwa, usumbufu unapungua sana, nami ningependa kuudhiwa na arifa kuliko kukuta nyaraka zangu zimefungwa. Hata hivyo swichi hii haichukui nafasi ya nakala ya akiba iliyo kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili.

Kuhusu wepesi, lawama nyingi huangukia mchakato uitwao Antimalware Service Executable, ambao huonekana juu kabisa katika Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea kufanya kazi, wakati kompyuta imeelemewa. Ukaguzi wa ratiba umewekewa wastani wa asilimia 50 ya nguvu ya prosesa, na kwenye diski ya SSD hausikiki sana. Kwenye diski ya zamani inayozunguka hali ni tofauti, hasa unaponakili maelfu ya faili ndogo, kwa kuwa kila faili hukaguliwa linapofunguliwa. Wapo wanaotatua hilo kwa kuitenga folda ya vipakuliwa isikaguliwe, jambo ambalo ni sawa na kuiondoa kinga mahali inapohitajika zaidi.

Aghalabu chanzo cha uzito kiko kwingine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kuifungua Task Manager, ufungue orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta, na utakuta programu za gumzo, za printa na za michezo ambazo hukumbuki kuziruhusu. Kuzizuia hakuziondoi, na huweza kupunguza muda wa kuwaka kuliko programu yoyote ya kuongeza kasi. Kuhusu zile programu za kusafisha rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, Microsoft yenyewe imesema haiungi mkono matumizi yake, na mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, mojawapo ya programu hizo, lilisambazwa likiwa na programu hasidi baada ya wadukuzi kuingia katika mifumo ya mtengenezaji, likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Kufuta faili za muda kunafanywa na Windows bila msaada wa mtu wa nje. Na anayedhani usalama utaongezeka kwa kusakinisha kingavirusi mbili akumbuke kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja: Defender hujizima inapoona nyingine imesajiliwa, na mbili za kulipia zikikutana hugombania kila faili.

Kasoro mbili zimebaki. SmartScreen, inayozuia tovuti za ulaghai, imeunganishwa moja kwa moja na kivinjari cha Edge, hivyo anayetumia Chrome au Firefox hutegemea zaidi ulinzi wa kivinjari chake. Ya pili ni nzito zaidi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imeahidi kuendelea kuipelekea Defender orodha za vitisho katika mfumo huo hadi Oktoba 2028. Maana yake ni kwamba alama ya kijani ya Defender inaweza kuendelea kuonekana juu ya mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena, isipokuwa kompyuta iwe imesajiliwa katika mpango wa masasisho ya ziada. Mwenye mashine isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kwa hiyo haitimizi masharti ya Windows 11, hatasaidiwa na kingavirusi ya kulipia. Ajisajili katika mpango huo kwa muda wake, au ahamishe nyaraka zake na kusakinisha Linux.