WrestleMania III: mkanda nilioutazama nusunusu, na sasa nimeumaliza

Nilipolipia mwezi mmoja wa huduma ya kutazama mieleka ya zamani kwa njia ya intaneti, nilikuwa na jambo moja tu akilini, nalo ni kuitazama WrestleMania III, onyesho kubwa la mieleka ya Marekani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nilipokuwa mtoto Tanga niliitazama mara zisizopungua saba lakini sikuwahi kuitazama yote. Ilikuwa mwaka 1990, Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo chake cha televisheni, na mieleka ya Marekani tuliipata kwenye banda la video lililoezekwa kwa makuti, shilingi 20 kwa kichwa, watoto chini kwenye jamvi na wakubwa nyuma kwenye mabenchi. Onyesho zima linachukua takriban saa tatu. Mwenye banda hakuwa na saa tatu za kututunukia sisi, kwani waliokuja kutazama filamu ya Kihindi walikuwa wameshajipanga nje. Hivyo akawa anabonyeza kitufe cha kupeleka mbele, tukawaona wanamieleka wakikimbizana kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, hadi bingwa Hulk Hogan alipotokea, ndipo deki iliporudishwa kwenye mwendo wake.

Kwa hiyo tathmini hii ni ya mtu aliyekula mkia wa samaki kwa miaka yote na sasa ndiyo kwanza analetewa samaki mzima.

Onyesho lenyewe lilifanyika tarehe 29 Machi 1987 katika uwanja wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan, uwanja ambao paa lake jeupe lilishikiliwa juu kwa nguvu ya hewa na ambao leo haupo tena kwani ulibomolewa. Waandaaji walitangaza kwamba waliingia watu 93,173, idadi ambayo mwandishi wa habari za mieleka Dave Meltzer ameipinga kwa miaka mingi akisema walikuwa kama 78,000. Mimi ugomvi huo haunikoseshi usingizi, kwani hata mwenye banda letu alikuwa akiandika kwenye ubao kwamba "viti vichache vimebaki" ilhali viti vyenyewe ni jamvi. Kamera inapoonyesha uwanja kutoka juu, ulingo unaonekana mdogo kama kiberiti katikati ya bahari ya vichwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanamieleka waliletwa kwa vigari vidogo vilivyotengenezwa mfano wa ulingo, vyenye kamba zake na kila kitu. Utotoni nilidhani ni mbwembwe tu. Kumbe njia ya kutoka mlangoni hadi ulingoni ilikuwa ndefu mno, na kumtembeza mtu mkubwa kama mwanamieleka Andre umbali huo wote kungekuwa adhabu.

Nianze na kile nilichokijua. Pambano kuu kati ya Hogan na Andre the Giant, ambaye sisi tulimwita Andre Jitu bila kujua kwamba tunatafsiri, lilichukua kama dakika 12, na lazima niseme kweli: kwa kipimo cha mieleka ni pambano zito na la polepole. Hogan anajaribu kumnyanyua Andre mapema kabisa, kiuno kinamsaliti, Andre anamwangukia kifuani, na refa anahesabu moja, mbili, karibu tatu. Baada ya hapo Andre anamkumbatia Hogan na kumbana mbavu kwa muda mrefu kiasi kwamba mpwa wangu wa miaka 16, aliyekuwa ameketi nami na ambaye amezoea mieleka ya siku hizi ya kurukaruka kutoka kwenye ngazi, aliniuliza kwa adabu, "Mjomba, hawa wamepumzika au ndiyo wanapigana?"

Nilimweleza nisichokijua nikiwa na umri mdogo kuliko wake. Andre Roussimoff, Mfaransa aliyetangazwa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 230, alikuwa na ugonjwa uliomfanya mwili wake usiache kukua, na miezi michache kabla ya siku hiyo alikuwa amepasuliwa mgongo. Ile nguo nyeusi yenye mkanda mmoja begani aliyoivaa ilificha kifaa cha kumshikilia kiuno. Ukilijua hilo, macho yako yanabadilika: unaona jinsi anavyoshika kamba kila anapogeuka, jinsi anavyoinama kwa tahadhari ya mtu anayeokota sindano, na jinsi Hogan anavyomzunguka yeye badala ya yeye kumzunguka Hogan. Kisha unafika wakati ule ambao banda zima lilikuwa likiusubiri. Hogan anamnyanyua, anamgeuza hewani, anambwaga chini, anakimbilia kamba na kurudi na mguu wake shingoni mwa Andre, na hesabu inafika tatu. Mtu mwenye mgongo ule hanyanyuliki asipokubali kunyanyuliwa, kwani katika mieleka hii mshindi hupangwa kabla. Tulimshangilia Hogan kwa nguvu zake, na nguvu alikuwa nazo, lakini aliyetoa zawadi siku ile ni yule aliyelala chini.

Watangazaji wanasisitiza usiku kucha kwamba Andre hakuwa ameshindwa kwa miaka 15 na kwamba hakuna aliyewahi kumnyanyua. Hayo ni maneno ya kuuzia tiketi. Alikuwa ameshindwa hapa na pale duniani, na Hogan huyohuyo alikuwa ameshambwaga mwaka 1980 katika uwanja wa Shea, New York. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo alicheka, lakini mimi nilihisi kama nimeambiwa kwamba sungura wa hadithi za bibi hakuwa mjanja.

Sasa nije kwenye kile ambacho mwenye banda alinidhulumu. Pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat la kugombea Ubingwa wa Mabara lilikuwa la tisa kati ya mapambano 12, na kwetu lilipita kwa sekunde 40 hivi, rangi ya zambarau ya Savage ikiwa msitari tu kwenye kioo kilichojaa chengachenga. Lina kama dakika 14 na nusu, na nimelitazama mara nne wiki hii. Savage, aliyekuwa ameushika ubingwa huo kwa zaidi ya miezi 13, alikuwa amemponda Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni miezi kadhaa kabla yake, kwa hiyo kila anapomshika shingo watu wanaguna. Wanakimbizana, wanatupana nje juu ya kamba, wanabana mabega chini, na kila refa anapokaribia tatu bega linainuka; nilihesabu mara kama 20 kisha nikapoteza hesabu kwa sababu mpwa wangu alikuwa amesimama akipiga kelele. Huyo huyo aliyeuliza kama wanapumzika.

Steamboat mwenyewe amesimulia baadaye kwamba Savage alilipanga pambano hilo hatua kwa hatua, akiziandika kwa namba na kumhoji mwenzake kama mwalimu anavyomhoji mwanafunzi jedwali la kuzidisha, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo, kwani wengi walikuwa wakielewana palepale ulingoni. Ukitazama kwa makini utaona matunda yake. Hakuna mguu unaokanyaga mahali pasipo pake. Mwishoni refa yuko chini hajitambui, Savage anapanda kwenye kamba ya juu akiwa na kengele ileile mkononi ili ammalize mwenzake, na George Steele, mzee mwenye manyoya mgongoni mzima aliyekuja upande wa Steamboat, anamsukuma akaanguka. Savage anainuka, anataka kumnyanyua Steamboat, Steamboat anamkunja kama mkeka, na hesabu inatimia. Miss Elizabeth, meneja wa Savage, amesimama pembeni hajui afurahi au alie, na uso wake peke yake ungetosha kuwa hadithi.

Sikujua kwamba mieleka inaweza kunifanya niibane mikono hivyo nikiwa mtu mzima, tena nikijua nani anashinda.

Yaliyobaki ni mchanganyiko, na sitayapitia yote. Aretha Franklin anafungua kwa wimbo akiwa kwenye piano, na hilo nalo lilikuwa likirukwa kule bandani. Roddy Piper anaagwa kwa shangwe kubwa baada ya kumshinda Adrian Adonis. Koko B. Ware na kasuku wake wanashindwa na Butch Reed upesi, na hilo lilinisikitisha upya kwani kasuku yule alikuwa na wapenzi wengi jamvini. Nikolai Volkoff anaimba wimbo wa taifa wa Wasovieti ili azomewe, akiwa na mwenzake Iron Sheik kutoka Iran, na nakumbuka kwamba mara chache tulizobahatika kuiona sehemu hiyo, baadhi ya wazee wa mtaa waliovaa kofia zao walimshangilia Iron Sheik kwa moyo mkunjufu, kinyume kabisa na uwanja mzima wa Michigan. Pambano la King Kong Bundy lenye watu wafupi ndani yake, ambapo jitu lile linamwangushia kiwiko Little Beaver, lilikusudiwa kuchekesha. Sikucheka, na nilijikuta nikipeleka mbele kama mwenye banda.

Utangazaji wa Gorilla Monsoon na Jesse Ventura ni nusu ya raha ya onyesho hili, ingawa utahitaji Kiingereza cha kutosha kuufuata, kwani mmoja anatetea sheria na mwingine anawatetea wabaya kwa hoja ambazo mara nyingine zina mashiko kuliko za mwenzake. Haishangazi kwamba Ventura huyo alichaguliwa kuwa gavana wa Minnesota mwaka 1998. Kule kwetu sauti yao hatukuisikia, kwani kijana wa mwenye banda alikuwa akisimulia juu yake kwa Kiswahili, na kwa maelezo yake Hogan na Andre walikuwa wakigombea shamba.

Kuhusu huduma niliyolipia, picha ni safi kadiri picha ya mwaka 1987 inavyoweza kuwa, ingawa inabaki ya mraba na kuacha weusi pande zote mbili za kioo, na kwa simu yangu kifurushi kilikwisha kabla ya pambano la nane, kwa hiyo mwenye kutaka kutazama onyesho zima atafute intaneti ya nyumbani au alipakue usiku. Programu iligoma mara mbili na kunirudisha mwanzo kabisa, na kitufe chake cha kupeleka mbele ni kigumu kuliko cha ile deki ya Tanga. Kwa onyesho natoa nyota nne kati ya tano. Kwa pambano la Savage na Steamboat peke yake, tano zote.

Kuna kipande kimoja cha mwisho ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Baada ya Hogan kupewa mkanda wake wa ubingwa, Andre anapanda kile kigari pamoja na meneja wake Bobby Heenan na kuanza safari ya kurudi, huku umati ukimzomea njia nzima. Kule bandani refa akishahesabu tatu, deki ilizimwa, mlango ukafunguliwa, na sisi tukatoka mbio kwenda kubwagana mchangani, kila mmoja akitaka kuwa Hogan. Andre alikufa Januari 1993 mjini Paris. Mpwa wangu aliniuliza kama nirudishe nyuma tumtazame Savage tena, nikamwambia angoje kwanza kigari kifike mlangoni.