KDE Plasma 6 kwenye Wayland: inayonifaa na inayonikera

KDE Plasma ni mazingira ya eneokazi ya Linux. Toleo la 6.0 lilipotoka Februari 2024 lilihamia Qt 6 (maktaba ya kutengenezea programu) na kuifanya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, chaguo la kwanza badala ya X11, ule wa zamani. Mwenye skrini moja ya kawaida hataona tofauti kubwa. Mimi natumia kompyuta mpakato yenye skrini ya pikseli nyingi pamoja na skrini ya nje ya 1080p, na hapo ndipo faida ilipo: hii naikuza 150%, ile naiacha 100%, na dirisha likivuka upande wa pili linajirekebisha. X11 haijawahi kuliweza jambo hili vizuri.

Programu za zamani zinazopitia Xwayland (daraja linaloziwezesha programu za X11 kufanya kazi kwenye Wayland) ndizo zinazoweza kuwa na ukungu. Andika `xlsclients` kwenye terminali uzijue ni zipi, kisha nenda kwenye mipangilio ya skrini uchague programu hizo zijikuze zenyewe. Maandishi yatakaa sawa, ila programu isiyojua kujikuza itabaki na herufi ndogo mno.

Kupanga madirisha kumenivutia. Bonyeza Meta+T (Meta ni kitufe chenye nembo ya Windows), gawanya skrini utakavyo, kisha shikilia Shift unapoburuta dirisha nalo litaingia kwenye nafasi yake. Tangu 6.4, kila eneokazi pepe linaweza kuwa na mgawanyo wake. Dirisha jipya halijipangi lenyewe, kwa hiyo waliozoea i3 au Sway, zinazopanga madirisha zenyewe, hawataridhika.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni kuwasha upya. Programu zinafunguka tena, lakini madirisha hayarudi mahali pake, kwa sababu Wayland hairuhusu programu ijichagulie mahali pa kukaa kwenye skrini. Tiba ninayoitumia: Alt+F3 juu ya dirisha, ingia kwenye vitendo zaidi, fungua kanuni maalumu za dirisha hilo, ongeza sifa ya mahali na ya eneokazi, kisha weka zikumbukwe. Inafanya kazi, ila unairudia kwa kila programu. Kuchosha kwelikweli.

Wijeti (vijiprogramu vya eneokazi) za Plasma 5 hazifanyi kazi humu mpaka mwandishi wake aziandike upya kwa Qt 6. Mandhari kamili za kupakua nazo uwe nazo macho: zinaweza kubeba skripti zinazoendeshwa kwa mamlaka yako. Machi 2024 mandhari moja ilifuta faili za mtumiaji, na KDE wakatoa onyo. Rangi, ikoni na picha ya ukutani pekee hazina hatari hiyo. Mimi naishia hapo.

Paneli ikiganda, usiwashe kompyuta upya. Amri `systemctl --user restart plasma-plasmashell` inairudisha, na kazi uliyofungua haiguswi. Diski ikihema bila sababu, angalia `balooctl6 status`. Huenda Baloo, mtafutaji faili wa KDE, anaorodhesha faili zako. `balooctl6 disable` inamzima.

Kwa kadi za Nvidia, anzia Plasma 6.1 na dreva ya 555 kwenda juu. Kuanzia hapo pande zote mbili zinaelewana kuhusu usawazishaji wa wazi wa picha (explicit sync), yaani picha haionyeshwi kabla kadi haijamaliza kuichora, na kumetameta kwa madirisha ya Xwayland kunaisha. Kadi za zamani zilizokwama kwenye dreva ya 470 hazina msaada huo. Hizo ziache kwenye X11, ukijua kwamba KDE wametangaza kuiondoa ifikapo Plasma 6.8.