Forest Watcher katika doria za Msitu wa Kakamega

Kwa skauti wa msitu anayefanya doria Isecheno au Buyangu, hii ndiyo programu ya simu tunayoipendekeza kwanza. Ni ya bure, ilitoka mwaka 2017, na huchukua arifa za miti iliyopotea, zinazotokana na picha za setilaiti, kutoka tovuti ya Global Forest Watch na kuziweka kwenye simu ili zisomeke hata pasipo mtandao. Thamani yake iko hapo hasa.

Maandalizi yote yafanyike kwenye intaneti nzuri. Fungua akaunti, chora mipaka ya eneo la doria, kisha pakua ramani na arifa. Chora kipande kinachotembeleka kwa siku moja; ukichora msitu mzima, upakuaji hula bando na huweza kukatika katikati. Halafu zima data na ufungue ramani. Isipoonekana ukiwa bado ofisini, ndani ya msitu haitaonekana pia.

Sasa arifa zenyewe. Kila arifa ni kisanduku ardhini: cha setilaiti za Landsat kina mita 30 kila upande, yaani mita za mraba 900, karibu robo ekari, na cha setilaiti za Sentinel kina mita 10 kila upande. Palipofyekwa shamba hujitokeza vizuri. Lakini mwiritsa (Prunus africana) uliobanduliwa gome kwa ajili ya dawa ya tezi dume hufa umesimama, polepole, na setilaiti haiutofautishi na majirani zake. Tanuri la makaa chini ya miti mikubwa halionekani, wala mipera inayojipenyeza pembezoni. Kwa Kakamega huu ni upungufu mkubwa, na tunausema wazi kwa sababu kuna wanaodhani ramani ikikosa arifa basi msitu uko salama.

Mawingu nayo huchelewesha arifa za Landsat wakati wa masika. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, kwa hiyo chagua arifa za mchanganyiko wa setilaiti zinapopatikana. Kwa upande mwingine, miti ya kupandwa iliyovunwa kwa kibali na ile iliyoangushwa na upepo yote huleta arifa. Usimshuku mtu kabla ya kufika na kuona visiki.

GPS hupotoka chini ya majani mazito. Simama penye uwazi dakika moja au mbili kabla ya kuhifadhi ripoti. Piga picha, hesabu visiki, pima kipenyo kwa futi ya kamba. Fomu ya maswali huandaliwa mapema kwenye tovuti: maswali sita yanatosha, kwani fomu ndefu hujazwa kwa kubahatisha mvua inaponyesha. Kurekodi njia humaliza betri haraka, basi beba pawabanki.

Ripoti hukaa kwenye simu mpaka itumwe. Usifute programu wala kubadilisha simu kabla ya kuhakikisha zote zimepakiwa.

Kuhusu mwiritsa, weka daftari la kila mti mkubwa na alama zake za GPS, na uurudie kwa miguu kila mwezi.