Darasa la yoga la Capri Point, Mwanza: maadili kwanza, mikao baadaye

Anayetafuta mahali pa kupunguza uzito jijini Mwanza ana kumbi za mazoezi za kutosha, na baadhi yake zina vifaa bora kuliko ukumbi ninaouzungumzia hapa. Darasa hili la yoga, linaloendeshwa asubuhi katika ukumbi wa kukodi upande wa Capri Point, si mbali na Jiwe la Bismarck, linamfaa mtu mwenye haja nyingine: anayetaka kujifunza namna ya kuishi na wenzake na nafsi yake, na aliye tayari kuambiwa kwamba kunyoosha viungo ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Halina bango barabarani wala jina rasmi. Watu hulifikia kwa kuelekezwa na waliotangulia, kama nami nilivyoelekezwa na jirani yangu wa Isamilo. Nimelihudhuria kwa muda wa kutosha kuona yanayofanywa vizuri na yanayohitaji kurekebishwa, na naandika kwa sababu naamini linastahili wanafunzi wengi kuliko lilionao sasa.

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza huketi mkekani na kusikiliza. Mikao ipo, lakini katika majuma ya mwanzo huchukua theluthi ya mwisho ya kipindi, na muda uliotangulia hutumika kueleza misingi ya mwenendo ambayo yoga ya kale iliiweka mbele ya kila kitu. Wapo walioondoka baada ya kipindi kimoja wakilalamika kwamba walilipia mazoezi wakapewa mawaidha. Nawaelewa, ila nadhani waliondoka mapema mno, kwa kuwa mpangilio huu unaheshimu matini zenyewe kuliko madarasa mengi niliyowahi kuyaona.

Matini ambayo mwalimu wetu huitegemea ni Yoga Sutra, mkusanyiko wa sentensi fupi 195, au 196 kwa hesabu ya nakala nyingine, unaohusishwa na Patanjali na uliotungwa nchini India zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Humo njia ya yoga imegawanywa katika sehemu nane. Ya kwanza ni yama, yaani miiko mitano ya mtu kwa viumbe wengine: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia katika tamaa za mwili, na kutojilimbikizia mali. Ya pili ni niyama, desturi tano za mtu kwa nafsi yake: usafi, kuridhika, kujinidhamisha, kujisoma pamoja na kusoma maandiko, na kujikabidhi kwa Mungu. Mkao wa mwili unakuja wa tatu, ukifuatiwa na udhibiti wa pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kuielekeza akili mahali pamoja, kutafakari, na mwisho utulivu kamili unaoitwa samadhi. Katika sentensi zote hizo, mkao umepewa tatu tu, na ya kwanza inasema kwamba uwe imara na wenye raha. Mfululizo mrefu wa mikao inayoonekana leo katika picha na video ulipata sura yake kwa sehemu kubwa katika karne ya 20, hasa kwa kazi ya T. Krishnamacharya aliyefundisha katika mji wa Mysore miaka ya 1930, pamoja na wanafunzi wake. Mwalimu wetu, ambaye alisomea India katika mji wa Rishikesh kando ya mto Ganges, hulieleza hili bila kuibeza mikao yenyewe, na hufafanua kwamba mwili uliozoezwa unamwezesha mtu kuketi muda mrefu bila maumivu, ili akili yake ifanye kazi iliyokusudiwa.

Ubora mkubwa wa darasa hili niliuona katika vipindi vilivyohusu kutodhuru, ambao ndio mwiko wa kwanza na unaotazamwa kuwa shina la ile mingine minne. Kuufundisha mwiko huo Mwanza si jambo jepesi. Mji huu unaishi kwa samaki: kuna wanaovua, wanaochakata sangara viwandani, wanaoanika dagaa, wanaonunua mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, na wanaowauzia hao wote chai na mafuta ya injini. Mzee mmoja aliyeacha uvuvi kwa sababu ya umri aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni: «Mwalimu, mimi nimesomesha watoto wangu wote kwa kuvua. Fundisho hili linaniweka wapi?» Mwalimu angeweza kumbembeleza kwa jibu la heshima na kuendelea na somo. Alimjibu hivi: «Mzee wangu, shikamoo kwanza, kisha sitakudanganya. Swali lako limo kitabuni.»

Na kweli limo. Sentensi ya 31 ya sura ya pili inasema kwamba miiko hii huwa kiapo kikuu pale isipowekewa mipaka ya tabaka la kuzaliwa, mahali, wakati wala mazingira. Ufafanuzi wa kale wa matini hiyo, unaohusishwa na Vyasa, unapoeleza mpaka wa kwanza unatoa mfano wa mvuvi, ambaye kudhuru kwake kunaishia kwa samaki na hakuvuki hapo. Mfano wa mpaka wa mahali ni mtu anayesema hataua katika eneo takatifu, na wa wakati ni anayesema hataua siku fulani tukufu. Kwa mujibu wa ufafanuzi huo, mvuvi anayejizuia kudhuru kingine chochote ameushika mwiko, lakini ameushika kwa mpaka, na kiapo kikuu bado kiko mbele yake. Mzee alisikiliza jibu hilo akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwamba afadhali aambiwe hivyo kuliko kusifiwa. Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na machache yamemchukulia mvuvi kwa uzito wa namna hiyo, bila kumtukana na bila kumrahisishia.

Kutoka hapo somo lilisogea hadi kwenye mwiko wa tano, kutojilimbikizia, na hapo wavuvi na wachuuzi waliokuwepo walikuwa walimu kuliko wanafunzi. Walizungumza juu ya kokoro, wavu unaoburuzwa hadi ufukweni ukizoa mazalia, na juu ya sangara walio chini ya sentimita 50 wanaouzwa kwa kificho ilhali sheria inakataza kuwavua. Mwalimu hakuwa na mengi ya kuongeza isipokuwa swali moja ambalo alitutaka tuende nalo nyumbani: je, tunapojizuia, tunajizuia kwa sababu doria iko ziwani, au kwa sababu tumetosheka? Hili ndilo ninalolithamini zaidi katika darasa hili. Linamtaka mwanafunzi aitazame kazi yake ya kila siku, sokoni, ofisini au majini, na linaihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya yoga yenyewe.

Kila mwanafunzi hupewa mwiko mmoja wa kuuchunguza kwa juma zima na kuandika katika daftari pale alipoushika na pale ulipomshinda. Daftari ni lake na halisomwi na mwingine, lakini anayependa huzungumza mbele ya wenzake. Mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba alitueleza kwamba juma la kusema kweli lilimfanya aweke kando kopo la kupimia lililobonyezwa kitako, ambalo amelitumia kwa miaka kwa kuwa kila muuzaji wa upande wake analitumia. Alisema faida ya juma lile ilipungua na kwamba bado hajajua atafanya nini. Mwalimu alimshukuru, akatuacha tukae kimya kidogo, kisha akaanza mazoezi ya pumzi. Sikuona haja ya neno zaidi.

Swali la dini huulizwa na karibu kila mgeni, na ni haki yake kuuliza. Mwanza ina Wakristo na Waislamu wengi wanaojali imani zao, na wengi wameambiwa ama kwamba yoga ni ibada ya miungu mingine, ama kwamba ni mazoezi matupu yasiyo na uhusiano wowote na dini. Mwalimu huzikataa kauli zote mbili. Husema waziwazi kwamba yoga ilikulia katika mapokeo ya kiroho ya India, kwamba miiko mitano ya Patanjali ndiyo ileile mitano inayofuatwa na watawa wa Kijaini, dini nyingine ya kale ya India, na kwamba desturi ya mwisho ya niyama inamtaja Mungu bila kuficha. Kisha humwachia mwanafunzi uamuzi. Hakuna anayelazimishwa kutamka Om, neno takatifu la mapokeo hayo, wala kuinama mbele ya chochote, na wakati wa kutafakari kila mmoja huleta sala au dhikri yake mwenyewe au hukaa kimya. Mimi ni Mkatoliki, na sikuona jambo nililotakiwa kulikana. Naamini pia kwamba mwalimu anayesema yoga ni kunyoosha viungo tu, ili asipoteze wateja, ameuvunja mwiko wa pili kabla hajafungua mlango wa darasa lake.

Kuna upungufu ambao nisingependa kuufunika. Mwiko wa nne, wa kujizuia katika tamaa za mwili, ulipitwa kwa haraka katika kipindi kimoja, kwa maelezo kwamba kwa watawa unamaanisha useja na kwa wenye ndoa unamaanisha uaminifu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi hapa kwetu. Katika baadhi ya mialo ya ziwa hili wanawake wachuuzi hushinikizwa kutoa miili yao ndipo wauziwe samaki, na kila aliyekuwa ukumbini asubuhi ile alilijua jambo hilo. Darasa lililokuwa na ujasiri wa kumweleza mvuvi ukweli kuhusu samaki lingepaswa kuwa na ujasiri uleule kuhusu wanawake wanaowanunua, kwa kuwa hapo mwiko wa nne na ule wa kutodhuru vinakutana. Nilimweleza mwalimu maoni haya ana kwa ana, naye aliyapokea.

Sehemu ya mikao inafundishwa kwa uangalifu, wenye magoti mabovu hupewa kiti, na hakuna anayesukumwa kupita uwezo wake. Zoezi la pumzi lingehitaji muda zaidi, kwani mara nyingi huminywa na dakika za mwisho, na mtu mwenye shinikizo la damu anapaswa kuulizwa hali yake kabla ya kuambiwa azuie pumzi, jambo ambalo halifanyiki kila mara. Ukumbi ni safi, ila Jumamosi hujaa hadi mikeka inagusana. Majina ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hutajwa kwa wingi bila kuandikwa ubaoni, na wanafunzi wapya hupotea.

Ada ni shilingi 5,000 kwa kipindi, na asiyeweza kulipa huruhusiwa kufagia ukumbi na kukunja mikeka badala yake, bila kutangazwa. Kipindi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ili Waislamu wawe wamemaliza swala ya alfajiri. Saa hiyo inawafaa watumishi wa ofisini na wastaafu, lakini ndiyo saa ambayo mitumbwi ya dagaa imeshafika na akina mama wa soko la samaki la Mwaloni wako katikati ya biashara. Yule mama wa Kirumba huja tu katika zile siku za mbalamwezi ambazo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Tumeomba kiongezwe kipindi cha saa kumi jioni, angalau mara moja kwa juma, na mwenye ukumbi amekwisha kusema kwamba Alhamisi uko wazi. Anayependa kujiunga kwa saa hiyo afike asubuhi yoyote aandikishe jina lake kwa mwalimu, kwa sababu kipindi hicho kitaanza majina yatakapofika kumi.